Mwenyeji wa Ubongo

Jamaa za mgonjwa humngoja daktari mlangoni mwa chumba cha upasuaji na swali moja: umetoka wote? Kwa uvimbe mwingi wa mwilini daktari anaweza kujibu ndiyo au hapana. Kwa glioblastoma, saratani kali inayoongoza kwa watu wazima miongoni mwa zile zinazoanzia ubongoni, daktari mkweli hawezi kusema ndiyo, hata kama kipimo cha MRI cha kesho yake kitaonyesha pengo safi pale uvimbe ulipokuwa. Anajua kwamba alipokuwa anashika kisu, seli nyingine zilikwisha ondoka. Ziko mbele, moja hapa moja pale, katikati ya seli nzima zinazofanya kazi yake, na hakuna picha inayoweza kuzitenga.

Kinachonirudisha kwenye ugonjwa huu kila nikisoma habari zake si ukali wake, maana saratani kali ziko nyingi. Ni namna unavyosafiri. Saratani ya titi au ya utumbo ikitaka kuenea hutafuta mshipa wa damu au wa limfu, ikachukuliwa na mkondo hadi kwenye ini, mapafu au mifupa. Glioblastoma hufanya hivyo kwa nadra sana. Seli zake hutembea zenyewe, ndani ya ubongo, na njia zinazopita ni zile ambazo ubongo wenyewe ulizitengeneza. Ndiyo sababu lugha tuliyoizoea ya kuuzungumzia ugonjwa, lugha ya adui aliyevamia kutoka nje, hunikwama kooni kila ninapofika hapa. Hakuna aliyetoka nje.

Mwaka 1928 daktari wa upasuaji Walter Dandy, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha taarifa ya wagonjwa 5 aliowaondolea nusu nzima ya kulia ya ubongo. Walikuwa wamekwisha pooza upande wa kushoto kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo kwa hesabu yake hawakuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Fikra yake ilikuwa nyoofu: ikiwa hujui ugonjwa umeishia wapi, kata mpaka pale usipoweza kuwa umefika. Wapo walioamka wakazungumza na kuwatambua watu wao. Kisha ugonjwa ukarudi. Mkulima aliyewahi kupambana na ndago anaijua hali hiyo: unang'oa jani, unasafisha tuta, na baada ya siku chache zinachomoza pembeni, mahali ambapo hukutia jembe, kwa sababu kilichozaa jani kilikuwa chini na kilikwisha enda.

Aliyeonyesha vizuri seli hizo zinaendea wapi ni mwanapatholojia Mjerumani, Hans Joachim Scherer, aliyeondoka kwao mwaka 1933 na kwenda kufanya kazi Antwerp, Ubelgiji. Aliuchunguza ubongo wa waliokufa kwa ugonjwa huu kuanzia katikati ya uvimbe hadi mbali nao kabisa, mahali ambapo wengine hawakuona sababu ya kuelekeza hadubini. Akaona kwamba seli hazikutawanyika ovyo. Zilijipanga kuzizunguka seli za neva. Zilifuata kuta za mishipa midogo ya damu. Zilitambaa chini ya utando mwembamba unaoufunika ubongo, na zaidi ya yote zilifuata nyuzi nyeupe, vile vifurushi vinavyopeleka habari kutoka pembe moja ya ubongo hadi nyingine. Kifurushi kikubwa kuliko vyote ni daraja linaloziunganisha nusu mbili. Hadi leo madaktari hukuta katika picha uvimbe uliotanda pande zote mbili za daraja hilo, mbawa moja kulia na nyingine kushoto, nao huuita kipepeo.

Siwezi kumtaja Scherer nikaishia hapo. Wakati wa vita alirudi Ujerumani akafanya kazi Breslau, na huko alichunguza bongo za watoto zaidi ya 200, Wapoland na Wajerumani, waliouawa katika mpango wa Wanazi wa kuwaondoa wagonjwa na walemavu. Alikufa mwaka 1945 katika shambulio la mabomu. Vitabu vya tiba vinaendelea kuyaita maumbo aliyoyaona kwa jina lake, na wanafunzi wanalikariri jina hilo kwenye mitihani. Kazi yake ya Antwerp ni ya kweli na imesimama. Watoto wale nao walikuwa wa kweli, na sioni namna ya haki ya kulisoma jina hilo bila kuwakumbuka.

Sasa tusogee karibu zaidi, mpaka kwenye seli moja. Nafasi iliyoko kati ya seli ya ubongo na jirani yake ni nyembamba mno, haifiki hata maikromita 1. Kiini cha seli ya saratani kina upana wa maikromita kama 10. Kwa hesabu hiyo hakipiti. Tena nafasi yenyewe haiko tupu: imejaa ute wa asidi ya hayaluroni, minyororo mirefu ya sukari iliyofyonza maji. Viungo vingine vya mwili vimeshikwa na nyuzi ngumu za kolajeni, lakini ubongo una kolajeni kidogo tu, kwenye mishipa ya damu na utando wa nje, na ndiyo maana ni laini kiasi kile. Saratani iliyotoka kwingine ikifika humo kwa kawaida hushikamana na mishipa ya damu na kukua kama bonge lenye mpaka unaoonekana. Ule ute unaishinda.

Seli ya glioblastoma haishindwi. Juu ya utando wake ina protini iitwayo CD44, ambayo kazi yake ni kunasa hayaluroni. Inanasa, inajivuta, inaachia, inanasa tena mbele kidogo. Hutoa vimeng'enya vya kuukata ute unaoziba, na hutoa pia protini za kuuongezea ute huo mahali pa kushika, tenasini-C na brevikani zikiwa miongoni mwake. Inafyeka na kutandika kwa wakati mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza kiini kinapitaje. Nyuma yake hujikusanya miosini ya aina ya pili, jamaa ya protini inayokaza misuli yetu. Inakaza, na kiini kinasukumwa mbele kupenya tundu dogo kuliko chenyewe. Kinabonyea, kinarefuka, kinapita. Seli inakwenda kwa mishituko: kwanza inarefusha mkono mwembamba kupapasa, inatulia hapo kwa muda, halafu mwili wote unaufuata mkono kwa mruko mmoja.

Na huo mwili unaofuata, unatoshaje? Harald Sontheimer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham walilishughulikia swali hili kwa miaka mingi, na jibu lao lilikuwa la chumvi na maji. Seli hii hujiwekea akiba kubwa ya kloraidi. Ikifika penye upenyo mdogo hufungua mifereji yake, kloraidi ikatoka, potasi ikatoka nayo, maji yakazifuata, na seli ikanywea. Ikishapita hujijaza tena. Kilichowasaidia kuyaona hayo ni sumu ya nge wa njano anayeishi kwenye majangwa ya Afrika ya Kaskazini na Arabuni. Ndani ya sumu hiyo mna protini fupi, asidi amino 36 tu, ambayo huzing'ang'ania seli za saratani hii na kuzipita seli nzima za ubongo. Baadaye watafiti wa Seattle waliifunga protini hiyo kwenye rangi inayong'aa, ili daktari wa upasuaji apate kuona pale jicho lake linapokoma. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza kwamba kitu alichopewa nge kwa ajili ya kuwaua wadudu kimefaa kumwonyesha daktari mahali pa kukata.

Kwenye vipande vya ubongo vinavyotunzwa maabara, seli hizi zimeonekana zikienda maikromita 15 hivi kwa saa. Ni kidogo sana. Lakini zikienda usiku na mchana bila kupinda, ni sentimita 1 kwa mwezi.

Ujuzi huu wote seli imeutoa wapi? Mabadiliko ya jeni yanayoleta saratani hujulikana kwa kuharibu: breki ya kugawanyika inakatika, kipokezi cha EGFR kinabaki kimewaka bila kuzimwa, jeni ya PTEN inapotea. Uharibifu wa aina hiyo unaweza kueleza kwa nini seli inazaana bila kikomo. Ni vigumu kuamini kwamba uharibifu peke yake ungeifundisha kunasa, kunywea, kusukuma kiini na kuchagua njia. Ilikuwa inajua tangu awali.

Mwaka 1972 Pasko Rakic alionyesha, kwa kuchunguza vijusi vya kima, jinsi gamba la ubongo linavyojengwa. Seli nyingi za neva ulizo nazo hazikuzaliwa mahali zilipo. Zilizaliwa ndani kabisa, kandokando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, kisha zikapanda kuelekea juu zikitambaa kwenye nyuzi ndefu za seli za glia. Zilirefusha mkono, zikapapasa, zikatulia, zikakisukuma kiini mbele kwa mruko. Ni mwendo ule ule, na sehemu kubwa ya protini ni zile zile. Mtoto akizaliwa na hitilafu katika jeni zinazoendesha safari hiyo, neva zake zinaishia njiani na ubongo wake unatoka laini, bila mikunjo, na maisha yake yote yanakuwa magumu. Kila mmoja wetu anayesoma sentensi hii anaweza kuisoma kwa kuwa seli zake zilijua kutembea ndani ya ubongo.

Baadaye ujuzi huo huwekwa kando, lakini haufutwi. Kandokando ya vile vyumba vya maji hubaki seli chache zilizo karibu na hali ya utotoni. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walichunguza eneo hilo kwa wagonjwa wa glioblastoma ambao uvimbe wao ulikuwa mbali nalo, na kwa zaidi ya nusu yao walikuta katika seli zilizoonekana nzima baadhi ya mabadiliko yale yale ya jeni yaliyokuwa kwenye uvimbe. Kwa panya waliona pia kwamba seli yenye mabadiliko hayo huondoka pale na kwenda kuota mbali. Yaani kwa wagonjwa wengi safari yaweza kuwa ilianza hata kabla uvimbe haujakuwapo. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa bado mbali: nguo huvuliwa.

Kuna pia kinachozisukuma ziondoke. Uvimbe ukikua haraka, damu haifiki katikati, oksijeni inapungua, na sehemu hiyo inakufa. Chini ya hadubini mwanapatholojia huona seli zimesongamana kuizunguka sehemu iliyokufa, safu kwa safu. Wanaodhani wanatazama seli zinazozaana kwa nguvu hugundua kwamba nyingi kati ya hizo zinakimbia. Kwa muda kulikuwa na matumaini makubwa juu ya bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa mipya ya damu. Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa yalionyesha kwamba haikurefusha maisha ya waliogunduliwa karibuni. Mwaka huo huo silengitidi, iliyolenga integrini ambazo seli hutumia kushikia njia, nayo ilishindwa. Ukiziba njia moja, seli inazo nyingine, kwa kuwa ubongo haukujengwa kwa njia moja.

Hali ya tiba ni hii. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 573. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao walikuwa hai mpaka miezi 12.1, waliopata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi, miezi 14.6. Tofauti hiyo ya miezi miwili na nusu ilibadilisha tiba duniani kote, na bado ndiyo msingi wake. Siiandiki kwa kuidharau. Miezi miwili na nusu ni kumwona mtoto akimaliza muhula, ni Ramadhani moja zaidi, na wapo wachache walioishi miaka mingi. Lakini inaonyesha pia tulivyokwama kwa kufikiri kwamba kazi iliyopo ni kuua tu.

Kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa hupata kifafa, na kwa wengi hicho ndicho ishara ya kwanza. Seneta Edward Kennedy wa Marekani alianguka nyumbani kwake Mei 2008 na akafa kwa ugonjwa huu Agosti 2009, akiwa amepata kila kitu ambacho hospitali bora zinaweza kutoa. Kifafa hicho hakitokani na uvimbe kubana tu. Kundi la Sontheimer lilionyesha kwamba seli hizi zina pampu ya kubadilishana: zinaingiza sistini, ambayo zinaihitaji kujikinga, na kila zikiingiza hutoa nje glutameti. Glutameti ndiyo kemikali ambayo seli za neva huitumia kuamshana. Ikizidi, neva zinawaka bila mpango, na ndipo mtu huanguka. Ikizidi zaidi, zinakufa, na pengo linapatikana la kukulia.

Hapa kwetu Pwani mtu mzima akianguka kwa mara ya kwanza, safari ya kwanza mara nyingi si ya hospitali. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi wameandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa wa kifafa wasiofikiwa na dawa, na sehemu kubwa ya kifafa cha huku kina sababu nyingine kabisa, kuanzia uzazi wenye shida hadi maambukizi ya ubongo. Anayeanguka leo Malindi au Pemba kwa uwezekano mkubwa hana saratani. Ila mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka, akaanguka, anastahili kupigwa picha ya kichwa, na sioni sababu ya aibu wala ya pepo kusimama kati yake na picha hiyo.

Nilipofika kwenye kazi za Frank Winkler wa Heidelberg ndipo nilipoelewa kwamba hata neno kutembea halitoshi. Kundi lake liliweka kidirisha cha kioo kwenye fuvu la panya na kuzitazama seli za glioblastoma ya binadamu, zilizo hai, kwa miezi. Mwaka 2015 wakaripoti kwamba seli hizo hazikai peke yake peke yake. Hutoa nyuzi nyembamba, nyingine ndefu zaidi ya nusu milimita, zinazokwenda kuungana na seli nyingine za uvimbe, na mawimbi ya kalisi hupita ndani yake kutoka seli hadi seli. Mionzi ilipopigwa, seli zilizokuwa peke yake zilikufa kwa wingi, na zilizoungana zilistahimili, zikigawana pigo. Watafiti walipoiua seli moja kwa leza, kiini kipya kilisafiri kupitia uzi na kuja kukaa mahali pake. Mojawapo ya protini zinazowezesha nyuzi hizo kuota ni GAP-43, ile ile inayotumiwa na seli ya neva changa inapotafuta mwenzake wa kuungana naye.

Miaka minne baadaye, Septemba 2019, makundi mawili yalitoa habari moja kwa pamoja: la Heidelberg, na la Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford, anayewatibu watoto wenye saratani za shina la ubongo ambazo hazikatiki kwa kisu. Waliona sinapsi. Neva nzima za ubongo zilikuwa zimeungana na seli za saratani kwa viungo vile vile zinavyotumia kuungana zenyewe kwa zenyewe, na neva iliposema, seli ya saratani ilisikia: glutameti ilitoka, vipokezi vya AMPA vikafunguka, umeme ukaingia. Monje alikuwa amekwisha onyesha mwaka 2015 kwamba panya wakiamshwa neva za mwendo kwa mwanga, wakawa wanatembea kwa kuzunguka, uvimbe ulioko hapo unakua, na kwamba mojawapo ya vichocheo ni protini ya sinapsi, nyuroligini-3, ambayo saratani huipokea kama chakula. Mwaka 2022 kundi la Heidelberg likaongeza kwamba seli zinazotangulia mbele kabisa ni zile ambazo bado hazijaungana na mtandao wa uvimbe, zenye tabia ya neva changa. Umeme wa neva ndio unaozihimiza kutoa matawi na kuruka. Njia zao, zikichorwa, zinafanana na mapito ya wanyama wanaotafuta chakula: hatua fupi nyingi mahali pamoja, kisha ghafla hatua ndefu. Monje na Winkler walipewa pamoja Tuzo ya Ubongo ya Denmark mwaka 2025, na sikumbuki tuzo iliyonionekea ya haki zaidi.

Halafu kuna kazi ya San Francisco ya mwaka 2023, ya daktari wa upasuaji Shawn Hervey-Jumper na wenzake, ambayo kwangu ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Wagonjwa wenye uvimbe karibu na maeneo ya lugha hufanyiwa upasuaji wakiwa macho. Wanaonyeshwa picha, wanataja jina la kitu, na vihisi vilivyowekwa juu ya ubongo vinaandika umeme. Mgonjwa alipotafuta neno, umeme ulipanda mahali palipotarajiwa, na ulipanda pia ndani ya tishu yenye saratani. Uvimbe ulikuwa sehemu ya mzunguko unaotafuta neno. Walioonekana kuwa na uvimbe ulioungana zaidi na sehemu nyingine za ubongo waliishi muda mfupi zaidi. Kiungo kimojawapo kilikuwa protini iitwayo thrombospondini-1, ambayo huhimiza sinapsi kuota, na katika panya kazi yake ilipunguzwa na gabapentini, dawa ambayo maduka ya dawa ya Mombasa na Dar es Salaam yanaiuza kila siku kwa ajili ya maumivu ya neva.

Hapa nina hofu moja na ninaisema wazi. Kwetu mtu akiumwa kichwa, akinyong'onyea, husemwa kwamba ni mawazo. Habari hizi zikifika nyumbani nusu nusu, atatokea wa kumwambia mgonjwa kwamba alifikiri mno, au kwamba sasa aache kusoma, aache kuzungumza, asikumbuke. Hilo halimo katika utafiti huu. Neva za mtu hazipumziki hata akilala. Ubongo usio na umeme ni ubongo uliokufa. Hakuna mgonjwa aliyeuita uvimbe wake kwa kufikiri, na hakuna atakayeupunguza kwa kunyamaza. Mwacheni asome. Mwacheni aseme mpaka achoke, kwa kuwa ugonjwa wenyewe unamwandalia siku ya kutafuta neno asilipate.

Na nina ombi kwa wanaoandika habari za afya. Mgonjwa wa glioblastoma akifa, tusiandike kwamba alishindwa vita. Daktari wake hakuacha mizizi kwa uzembe, wala yeye hakupungukiwa na ushujaa. Seli zilizomuua zilitumia uwezo ule uliompa lugha na kumbukumbu: uwezo wa kusafiri hadi mahali pa mbali, kuungana na jirani na kumsikia. Tiba inayotafuta kuziua zote inakutana na ugumu wa kuua kitu kinachofanana na ubongo ndani ya ubongo. Ndiyo maana naona tumaini la karibuni liko kwa wanaouliza swali jingine: je, seli hizi zinaweza kuzuiwa zisisikie?

Perampaneli ni dawa ya kifafa inayoviziba vipokezi vya AMPA. Katika panya wenye glioblastoma ya binadamu ilipunguza ukuaji wa uvimbe. Dawa za kifafa za zamani zilikwisha tazamwa bila kuonekana kurefusha maisha, lakini hazikulenga mahali hapa. Huko Ujerumani limeanzishwa jaribio la kuwapa perampaneli wagonjwa ambao uvimbe wao umerudi na wanaokwenda kufanyiwa upasuaji tena, kabla ya upasuaji na baada yake. Wakishatolewa uvimbe, tishu yao hupelekwa maabara. Huko kinachoangaliwa, pamoja na ukubwa wa kilichosalia kichwani, ni kama nyuzi zinazoziunganisha seli za saratani zimepungua.